Dawa Ileile, Boksi Jingine

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa mfamasia kwenye duka dogo la dawa karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na nilikuwa na domo. Nilitoka chuoni na imani moja: dawa ni kile kilichomo ndani ya kidonge, si boksi wala jina lililochapwa juu yake. Kiwanda kilichoigundua dawa kikimaliza muda wake wa kuitengeneza peke yake, viwanda vingine huitengeneza ileile na kuiuza kwa bei nafuu. Hizo tunaziita jeneriki. Nilizisifia mpaka mwenye duka, mama wa Kihindi mtu mzima aliyekuja kila asubuhi kutoka Upanga na chupa yake ya chai, akawa ananiuliza, "Leo mahubiri yanaanza saa ngapi?"

Yeye mwenyewe ni mfamasia wa miaka mingi. Hakuwa na maneno mengi. "Mpe mtu dawa atakayoweza kuinunua mwezi huu na mwezi ujao," alisema. "Ikibaki kabatini kwangu haimsaidii."

Mteja aliyenitoa jasho alikuwa mama mmoja muuza vitenge wa mtaa wa pili. Alikuwa na presha, na alitaka boksi la Ulaya tu, la kiwanda kilichoigundua dawa. Siku moja boksi hilo likawa limepanda bei, nikaona nimepata mwanya.

"Shikamoo mama. Chukua hii, ni ileile, kiwanda tu ndicho tofauti."

"Marahaba dokta. Yaani feki."

"Si feki, mama. Imesajiliwa, imepimwa. Kilichomo ndani ni kilekile."

Alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Mwanangu, mimi nauza vitenge. Kila anayeniletea mzigo ananiambia ni kilekile. Nikikifua mara moja, maua yote yanahamia kwenye beseni!"

Foleni nzima ikacheka. Sikukata tamaa, nilimweleza tena na tena, mpaka akachoka. "Haya, lete. Ila nikianguka, vitenge utakuja kuviuza wewe."

Hakuanguka. Mwezi uliofuata nilimpima, presha imetulia. Akainunua tena bila ubishi, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Halafu mama yangu akaja kutoka Lindi kunisalimia. Alipopimwa hospitali akaambiwa naye ana presha, akaandikiwa dawa ileile. Akaniletea karatasi dukani, akakaa kwenye benchi, akaanza kujipepea na mtandio. Nikageuka kabatini. Mkono wangu ukapita jeneriki, tena ziko mbele kabisa, ukaenda kushika boksi la Ulaya.

"Dokta."

Sauti niliijua. Muuza vitenge alikuwa amesimama mlangoni.

"Naam, mama."

"Hilo boksi la nani?"

"La... la mama yangu huyu."

"Mama mzazi?"

"Ndiyo."

"Aaa!" Akamgeukia mama. "Dada, hongera kwa kuzaa. Sisi ambao hatukumzaa tunapewa kilekile."

Mwenye duka akainama ghafla kutafuta kitu chini ya kaunta. Nilimwona mabega yanatikisika. Mama akataka kujua kuna nini, na muuza vitenge akamsimulia yote, na chumvi akaongeza. Mama akanitazama.

"Sasa mwanangu, ulimdanganya yeye, au unanidanganya mimi?"

Sikuwa nimemdanganya yeyote. Kila nililowaambia wateja nililiamini. Lakini ilipofika zamu ya mama yangu niliogopa, basi, kama mtu mwingine yeyote aliye kwenye foleni. Nikawaambia hivyohivyo, masikio yakiwaka moto, nikarudisha boksi kabatini. Mwenye duka akainuka, akafungua pochi yake, akanionyesha vidonge vyake vya presha. Jeneriki.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Mama alikaa nami miezi miwili. Kila Jumatatu alikuja dukani kupima presha pamoja na muuza vitenge, wakishindana ya nani imeshuka zaidi. Zote zilishuka. Mama, aliyemshinda mwenziwe mara mbili, alisema si dawa, ni kwa sababu ameacha ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi. Muuza vitenge akamwambia aache uongo, Ijumaa alimwona sokoni akinunua ng'onda.

Mama alipokuwa anarudi Lindi nilimfungia dawa za kumtosha. Juzi kanipigia simu, kuna kelele nyuma.

"Jirani yangu hapa vidonge vyake ni vya njano, vyangu vyeupe. Namwambia ni dawa ileile, anasema nimetapeliwa. Mweleze wewe."

Nikamwomba kwanza wanisomee jina la dawa iliyomo ndani, lililoandikwa kwenye maboksi yote mawili, herufi moja moja.