Goti la mtarizi limegoma, nakshi zake zimefika

Saa tatu asubuhi, mtarizi anainua kifuniko cha printa iliyo juu ya meza ya kulia, anapangusa kioo, kisha analaza karatasi yenye maua ya kuzungushwa kwenye shela la bibi harusi. Anailaza taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Mama, hiyo ni mashine, haihitaji kubembelezwa," anamtania mkwewe, muuguzi aliyetoka zamu, laptopu ikiwa mapajani.

"Wewe hangaika na yako. Mimi niache na maua yangu."

Kwa miaka mingi mama huyu amechora nakshi kwa penseli kwa ajili ya karakana ya gauni za harusi. Karakana iko ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Kila mchoro aliupeleka mwenyewe, mpaka mwaka huu goti lilipogoma.

"Nikifika ghorofa ya pili nakaa kwenye ngazi kama mzigo uliosahaulika," anasema. "Watu wananiruka tu, wengine hata pole hawasemi."

Msimamizi wa karakana hakumfukuza, ila alimwambia wazi: mchoro huu ufike kabla ya saa sita mchana, kwa njia yoyote ile, la sivyo kazi anapewa mwingine. Picha ya simu tu ndiyo hawaitaki, kwa sababu mistari inapinda pembeni na fundi anatarizi kwa kufuata mstari. Na kazi ikishahamia kwa mtu mwingine, kuirudisha ni shughuli. Michoro hiyo ndiyo inayompa mama sehemu yake ya kodi ya nyumba.

Printa ni ya mwanawe. Inachapa, inatoa kopi na kuskani, na kabla ya kusafiri kikazi aliiunganisha na waifai ya nyumbani. Waya hakuna. Sasa laptopu haiioni.

Muuguzi anazima, anawasha. Wapi! Anazima tena. Halafu anajipiga paji la uso. Laptopu bado inatumia intaneti ya simu yake, kama alivyoiacha kazini.

"Kumbe wako nyumba mbili tofauti!"

"Sasa wangeonanaje?" mama anauliza.

Anaihamishia kwenye waifai ya nyumbani, na jina la printa linajitokeza. Anabonyeza. Taa inatembea chini ya kifuniko, na kwenye laptopu unakuja ukurasa mweupe pe.

Wanarudia. Mweupe vilevile. Saa tano imeshapita, na mama anavuta kiti na kukaa.

"Basi, mwanangu. Wampe huyo mwingine."

Muuguzi anaiendea printa. Anainua kifuniko, na maua yanamtazama usoni.

"Mama! Umeyalaza chali!"

"Ulitaka niyalaze kifudifudi, penseli ichafuke yote?"

Huwezi kumlaumu. Katika kutarizi, mchoro hutazama juu siku zote, na anayeugeuza anaambiwa ameharibu. Hakuna aliyemweleza kwamba jicho la mashine hii liko chini ya kioo.

Karatasi inageuzwa. Safari hii yanakuja maua yote, majani, vikonyo, hata alama ya kifutio. Muuguzi anayatuma karakana, na wote wawili wanakaa wakiitazama simu.

Inalia. "Shikamoo, mama," anasema msimamizi. "Mchoro umefika. Mistari imenyooka, fundi ameshaanza."

"Marahaba, baba. Asante. Asante sana."

Mama anashusha pumzi ndefu, kisha anaanza kucheka, na kicheko kinampeleka hadi machozi.

"Chali!" anasema akijifuta. "Na wewe muuguzi mzima, hukujua mgonjwa amelalaje?"

Wiki hii anataka kujifunza kubonyeza mwenyewe, ili aweze kutuma hata mkwewe akiwa zamu. Ana michoro ya mashela matatu kichwani, na hana mpango wa kupumzika.

"Siku mkono ukichoka, nitaacha," anasema, akilinyoosha goti chini ya meza. "Lakini goti lisiusemee mkono."