Jazi Iliyopewa Ng'ombe

Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunzia kwenye Biblia na mifuko ya simenti. Lakini masikio yangu hayana deni kwa mwalimu yeyote. Nilipokuwa najengea bwana mmoja ukuta kule Kamukuzi, Mbarara, alikuwa akipiga jazi ya zamani ya Amerika, ile wanaita swing: okestra nzima, tarumbeta na saksafoni, zikitembea pamoja kama watu waliolala vizuri. Nikaweka mwiko chini. Nilimwomba aniwekee kwenye fulashi, akaniwekea.

Basi nilipomaliza nyumba yangu ya matofali hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi tulikokimbilia, nikatangaza kwamba siku ya kuiombea tutaingia na jazi. Mke wangu akakataa. Alisema nyumba ya walokole haifunguliwi na muziki ya baa, kwaya inatosha. Tulivutana, mwisho akasema kaka yake aamue. Alijua anachofanya: shemeji yangu huyo ni mfugaji, hajapata kusifu kitu kisicho na pembe.

Kwetu Kivu ya Kusini, cha thamani tunakipima kwa mnyama: kuku ni chini, mbuzi katikati, ng'ombe juu. Shemeji akaketi, fimbo magotini, tukakubaliana: upatikane wimbo mmoja wa kufikia ng'ombe, ama redio ikae kimya.

Nikaanza na ule wa mbio, tarumbeta zote juu.

"Kuku," akasema. "Inalia mingi, nyama hakuna."

Mke wangu alicheka hadi akashika mlango. Wa pili, ngoma yake ilimtikisa mguu, akaupa mbuzi, tena mbuzi wa kukonda. Jasho likanitoka. Nyumba niliipandisha mwenyewe, tofali kwa tofali, na nilitaka kuingia humo kwa mlio niliouchagua mimi.

Wa tatu hauna haraka. Saksafoni moja inaita, zingine zinangoja imalize, halafu zinaitika chini chini, zote pamoja. Shemeji aliinamisha kichwa. Ulipoisha, akaomba urudiwe. Mke wangu naye aliacha kucheka.

"Dada yangu, hii usiikatae," akasema shemeji. "Moja inatangulia, zingine zinaifuata bila kupigwa fimbo. Ni ng'ombe hii. Tena iko na mimba."

Siku yenyewe kwaya iliimba yake, pasta akaomba, kisha nikafungua sauti mpaka mwisho. Shemeji alitangulia mlangoni akicheza, mikono juu kama pembe, dada yake nyuma yake, nami nikafuata kifua mbele. Majirani waliokuja kuteta niliwaangalia miguu. Haikutulia.