Managu Yangu ya Kings Heath

Barua niliikuta mlangoni nikitoka kazini, nikaisoma mara mbili kabla hata ya kuvua viatu. Kamati ya mashamba ya kukodi ilisema kipande changu kule Kings Heath kimejaa magugu. Wangekuja kukikagua Jumamosi saa nne, na wasiporidhika wangempa mtu mwingine aliyekuwa akisubiri.

Magugu! Magugu gani? Yale yalikuwa managu, au mnavu kama wengine wanavyoita, na niliyapanda kwa mkono wangu mwenyewe. Kipande kile nilikingoja miaka mitatu huku ugenini. Siku nzima mimi huosha na kuvisha wazee wa watu, jioni nina watoto wanaojibu Kiswahili changu kwa Kiingereza, lakini pale nikishika jembe nilikuwa mtoto wa mkulima tena. Kukipoteza kungeniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Nikamwambia mume wangu kwamba hiyo Jumamosi hao wanakamati nitawapa vidonge vyao.

"Mama watoto," akasema, kwa ule upole wake unaonichemsha zaidi, "ukienda na hasira utarudi bila shamba."

Jumamosi nilifika saa nne kasorobo, maneno yote nimeshayapanga. Nikafungua geti, nikaganda. Hapakuwa na jani hata moja. Udongo mtupu, umechanwa kwa reki, na mume wangu kasimama katikati na matope hadi magotini, akitabasamu. Alikuwa amedamka kuniokoa: ameng'oa managu yote, akayafunga mafungu, akayapanga kwenye ndoo za maji kando ya kibanda.

"Sasa hawana la kusema," akaniambia.

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumrushia jembe, nisidanganye. Mimi barua niliisoma mara mbili, yeye hakuigusa, na barua ilisema wazi kwamba robo tatu ya kipande lazima iwe na mazao.

Mwenyekiti akaja na karatasi zake, mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu na jua lote lile. Akauzunguka ule uwanja wetu polepole.

"Bab," akasema, maana wazee wa hapa humwita hivyo hata mwanamke wasiyemjua, "wiki iliyopita palikuwa na magugu. Leo hapana kitu. Niandike nini?"

Nikamwambia yale hayakuwa magugu, ni mboga. Akatikisa kichwa. Mmea ule aliujua tangu utotoni, na mama yake alimwonya kwamba ni sumu.

Hapo ndipo magari mawili yakasimama nje. Kumbe mume wangu, kwa kuogopa mboga isinyauke, alikuwa ametuma picha kwenye grupu ya kanisa. Akina mama wakaingia mbiombio, wengine kutoka Great Barr, wengine Stechford, pande nyingine za jiji, kila mmoja na mfuko wake. Hata salamu walinipa wakiwa wameshainamia ndoo.

"Wewe umechukua matatu, nimekuona."

"Nina wageni, dada yangu, nihurumie."

Mmoja, nesi aliyekuja na sare yake, alizika uso kwenye fungu lake akabaki hivyo. Alipouinua, mashavu yalikuwa yamelowa. Alisema hajaonja managu tangu aondoke kwao. Mimi nami machozi yakanitoka, na huku nacheka, kwa furaha niliyokuwa sijaipata tangu nije nchi hii.

Mwenyekiti akamgeukia yule nesi.

"Kweli mnakula?" akauliza.

"Tunapigania, mzee, si unaona?" akajibu mwenye mafungu matatu. "Unachemsha, unamwaga maji, unatia maziwa."

Mzee akatoa kalamu, akakata neno moja kwenye karatasi yake, akaandika mengine juu yake. Nikasogea nikachungulia begani kwake bila haya. Alikuwa ameandika kwamba mazao yameshavunwa.