Aliyelala Kwenye Kila Chumba

Mchoraji wa ramani za nyumba za wanafunzi pale chuoni alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sisi waashi. Kila chumba kati ya vile arobaini kikishaezekwa, anavua viatu, anavipanga mlangoni kama mgeni, kisha analala chali sakafuni na kufumba macho. Anasubiri upepo wa ziwa. Upepo usipomfika shingoni, anainuka na suruali yake ya vumbi, anatuchorea dirisha jipya ukutani kwa chaki, nasi tunabomoa huku tukinung'unika. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila ukimtajia matofali ya kuchoma, yanayokula kuni, ilipanda: "Munataka tumalize miti yote juu ya vyumba makumi ine?" Yetu yalikuwa ya udongo wa kushindilia, yaliyokaushwa na jua tu.

Mwaka ule vita viliposukuma watu wa Nyunzu hadi kwetu Kalemie, asubuhi moja tulikuta mama mmoja na watoto wake watatu wamelala chumba cha saba. Tukangoja mchoraji awafukuze. Akavua viatu, akachuchumaa mbele yao.

"Mama, mulilala muzuri? Joto haikuwasumbua?"

Mama akafikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi.

"Upepo iko muzuri, Papa. Lakini mutu akilala, haoni nani anakuja na barabara."

Mchoraji akajilaza pale pale, akageuza kichwa ukutani, upande wa barabara. Kisha akatoa chaki.

Wanafunzi wa sasa hutuuliza kwa nini kila chumba kina kidirisha chini kabisa, usawa wa macho ya aliyelala, kinachotazama barabara ya Nyunzu.