Signe na Vyuo Viwili

Signe Haugland alianza kubishana kabla hajaota magego. Watu wa Sorrel, mji mdogo wa jimbo la Montana, Marekani, wenye shule moja, baa tatu na upepo usio na adabu, walisema mtoto huyu asipokuwa wakili basi atawamaliza wao kwa maneno. Mwenyewe alishapanga safari yote: shahada ya kwanza, shule ya sheria, kisha siasa.

Alipokubaliwa na chuo mashuhuri cha mashariki, kile ambacho watu hulitaja jina lake kwa kushusha sauti, mji mzima ulijiona umefaulu. Baba yake, Verlyn, fundi wa matrekta, alibandika jina la chuo kwenye kioo cha gari lake siku hiyohiyo. Barua ya kukubaliwa ya chuo kidogo cha Helena, makao makuu ya jimbo, ililala juu ya friji chini ya magazeti.

Mama yake, Darlene, alikuwa na saluni, na huko kila mteja alitoa hukumu yake. Siku moja jaji mstaafu Imogene Pruitt, kichwa kimejaa vibana, alimuuliza Signe, "Wewe unachagua chuo au unachagua kofia ya kuringia?"

"Chuo, Mheshimiwa."

"Basi sikiliza. Shule ya sheria itatazama alama zako na mtihani wa kuingilia. Soma somo unalolipenda, andika mpaka vidole viote sugu, na uwe mahali ambapo mwalimu anakujua kwa jina. Yaliyobaki ni mapambo."

"Na siasa?"

"Siasa ni watu, binti. Watu wako wako wapi?"

"Jaji, ukitikisa kichwa tena," Darlene akadakia, "rangi itakuingia sikioni."

Aprili Signe akapanda ndege kwenda mashariki. Chuo kilikuwa kizuri kama kadi ya posta. Walipoulizwa wageni kumi na wawili waliokuja kukiona chuo nani anataka siasa, mikono kumi na moja ikapaa. Wa kumi na mbili alikuwa tayari anagawa kadi zenye jina lake. Signe alipomwambia anatoka Montana, kijana yule alisema kwa upole, "Aa, ile iliyo juu kabisa. Kanada." Signe akacheka, ila usiku ule hakupata usingizi vizuri.

Wiki iliyofuata alikwenda Helena. Theluji ya mwisho ilikuwa inapiga, na baada ya kuzungushwa chuoni aliingia bunge la jimbo, mitaa michache kutoka hapo, kupasha miguu moto. Akajikuta kwenye kikao cha kamati kilichokuwa kinajadili mswada wa magari ya wagonjwa vijijini. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi mwingine wa kusema. Kabla hajajishauri, Signe alishasimama.

"Naitwa Signe Haugland, wa Sorrel. Baba yangu alipojeruhiwa mkono na mashine ya kukatia nyasi, gari la wagonjwa lilichukua dakika hamsini na mbili kufika. Mama alimfunga kwa taulo za saluni."

Kisha mbunge mmoja akauliza, "Pole sana. Na madereva tutawapata wapi huko kwenu?"

Signe akakiri, "Sijui, Mheshimiwa."

Mswada ulianguka kwa kura moja. Signe alitoka amekasirika kuliko alivyowahi kukasirika, na akiwa mlangoni akajua kwamba chuo chake ni hiki cha Helena.

Verlyn alinuna siku mbili. "Nimeshawaambia watu wote!"

"Si uwaambie tena, Baba. Lini umechoka kusema?"

Siku ya tatu, akila viazi, akauliza, "Huyo mbunge alikuuliza nini hasa?" Alipoambiwa, alianza kueleza madereva wangepatikana wapi, Signe akambishia, na chakula kikapoa.

Huko Helena Signe alisoma historia. Walimu walimrudishia insha zikiwa nyekundu kwa masahihisho kama kuku amechinjiwa juu yake, na kila kikao cha bunge alibeba mafaili ya wabunge. Mtihani wa kuingia shule ya sheria ulimwangusha mara ya kwanza. Mara ya pili aliupasua. Alisoma sheria Missoula, mji mwingine wa Montana, akarudi Sorrel kutetea wakulima.

Akiwa na miaka thelathini na moja aligombea ubunge wa jimbo, akashindwa kwa kura kumi na tisa. Alilia bafuni, akanawa uso, akaanza upya kugonga milango ya wapiga kura. Kwenye shamba la mwisho la bonde alimkuta mzee Lyle Stenerud anarekebisha uzio.

"Mimi si wa chama chako," mzee akasema.

"Najua, Bwana Stenerud. Nimekuja tu."

"Basi shika waya huo."

Walibishana saa mbili, waya mkononi, kuhusu maji, mbwamwitu na kodi. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Novemba ya uchaguzi uliofuata Signe alipita kwa kura mia mbili na sita, na mpaka leo Stenerud hajasema alimpigia nani.