Lenta Isiyokatika

Mektrida Mosha wa Uru amejenga nyumba kwa miaka ishirini na miwili. Mwanzoni watu walisimama njiani kumshangaa mwanamke aliyepanda jukwaa na mwiko mkononi. Siku hizi wanamsalimia na kupita.

Tetemeko la mwaka 2016 lilipopiga Kagera, mdogo wake Flavia alikuwa ameolewa Bukoba. Ukuta wa pembetatu, ule unaobeba paa, ulimwangukia na kumvunja nyonga. Mektrida alipanda basi kwenda kumuuguza, akakaa miezi minne. Mgonjwa akipata usingizi, yeye alizunguka kwenye vifusi. Aliona nyumba mbili za tofali zilezile, moja imelala chini, ya pili imesimama na nyufa chache. Iliyosimama ilikuwa na lenta, mkanda wa zege na nondo, uliozunguka kuta zote bila kukatika. Iliyoanguka ilikuwa na vipande tu juu ya milango na madirisha. Akachokoa zege lililopasuka, akakuta ringi zinazofunga nondo zimefunguka, maana ncha zake hazikukunjwa kuingia ndani. Alikaa chini palepale. Hivyo ndivyo naye alivyojenga siku zote.

Aliporudi alikataa kujenga vile tena, akapoteza kazi nyingi. Wateja walimwambia matetemeko ni ya watu wa Kagera. Aliwajibu kwamba huu mlima wanaoishi nao ulitoka chini ya ardhi kwa moto, haukuletwa na lori.

Mwaka jana kigango cha kanisa kilianza kujenga darasa la chekechea, akapewa kazi. Kuta zilipofika juu ya madirisha, mwenyekiti wa kamati, mzee Valerian, aliagiza lenta iwekwe kwenye milango na madirisha tu, nondo zitakazobaki zipelekwe kwenye ukumbi wa kigango uliokuwa ukijengwa. Mektrida alishuka jukwaani, akaosha mwiko wake.

"Baba, kwa namna hiyo mimi siendelei."

"Tutamwita mwingine. Mafundi ni wengi."

"Mwiteni. Ila kesho njoo kwangu, wewe na wazazi wa hao watoto."

Kesho yake walimkuta ameshaezua jiko alilojijengea zamani. Alichukua gongo la kuegemezea mgomba, akausukuma ukuta wake wa pembetatu. Ulicheza mara mbili, ukaanguka wote kwa mkupuo. Mzee Valerian alisema umeanguka kwa sababu paa limeondolewa.

"Umeanguka kwa sababu haukufungwa na kitu," alisema Mektrida. "Na aliyeujenga ni mimi. Nimeusukuma kwa mikono yangu miwili tu, baba. Siku ardhi ikisukuma, watoto watakuwa chini yake."

Kazi hakurudishiwa. Aliitwa Yakobo, fundi wa Kibosho. Lakini wazazi walikwenda ukumbini wakazibeba nondo mabegani hadi kwenye darasa, na Yakobo alikuja mwenyewe kwa Mektrida kuuliza ringi zinakunjwaje. Alimwonyesha asubuhi nzima.

Darasa limekwisha. Lenta imezunguka kuta zote nne, na mkanda mwingine umepanda juu ya kila pembetatu. Mektrida sasa anamjengea nyumba mwalimu Ruth wa chekechea hiyo, na wiki iliyopita alikataa kazi nyingine mbili za wasiotaka lenta izunguke.