Kidole Changu Kwenye Pakiti Elfu Mbili

Placidius mimi simpendi, niseme mapema usije ukadhani nitamhurumia. Mwanaume mzima kaingia kikundi cha akina mama kwa sababu ana mwandiko mzuri, tukampa ukatibu, akatupanda kichwani. Lakini ninayetaka kukusimulia habari zake ni Nikuze, binti Mbonimpa, na hasira zake.

Nikuze ana kichumba cha stesheneri hapa Kimuli, baraza moja na cherehani yangu. Baba yake alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana, amelima mashamba ya watu mpaka mgongo umepinda. Naye Nikuze kapalilia migomba ya watu mpaka akanunua kompyuta ya mtumba, ambayo kioo chake anakiegemeza kwa tofali kisianguke. Anapiga picha za pasipoti, anatengeneza kadi za harusi na za kipaimara. Ni mkimya. Ukimuudhi anakutazama tu, na mimi nilidhani huo ni upole. Loo!

Kikundi chetu kinatengeneza amwani, ile kahawa ya kutafuna. Tunaichemsha na majani yenye harufu, tunaianika, na mgeni akija anawekewa kabla hajaulizwa habari za atokako. Miaka yote tuliifunga kwa ganda la mgomba. Mwaka jana mwenye duka mmoja wa Bukoba akasema ataiweka dukani kwake, ila kwanza aone pakiti itakavyokuwa. Pakiti yenyewe hatuna! Mwenyekiti wetu, Mama Laurensia, akamwendea Nikuze. Wakapatana kwamba kazi ikikubalika, chini ya kila pakiti kutaandikwa "Mchoro: Nikuze, Kimuli." Hilo ndilo alilolitaka, jina lake lisomwe. Tangu azaliwe anaitwa mtoto wa vibarua.

Akachora kwanza mchoro bapa kwenye kompyuta: tawi la kahawa, vilima, maandishi. Ulikuwa mzuri, lakini umelala tu, kama kitambaa kabla hakijashonwa. Asubuhi moja akaniita, "Mama Dastan, nishikie hii." Akanipa mfuko wa kaki usioandikwa kitu, kaujaza kahawa mpaka tumbo limetuna. Nikaushika pale mlangoni penye mwanga, akaupiga picha. Kisha akaulaza ule mchoro juu ya picha, akavuta pembe zake nne zikae kwenye pembe za mfuko, akaupinda palipotuna, akarudisha kivuli, mng'ao na mikunjo, hata mkunjo wa karatasi ukapita katikati ya herufi. Kazi ya siku mbili. Alipomaliza, nusura ninyooshe mkono niichukue pakiti kwenye kioo. Na kidole gumba changu kimo, kimeishika, na ukucha wake mweusi uliowahi kuchomwa na sindano ya cherehani.

Akaituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Placidius akaidaka, akamtumia mwenye duka, akasema ni kazi yake.

Tulipokutana uani kwa Mama Laurensia, akasimama kabisa na tai yake. "Nimeihangaikia hii picha, akina mama; kazi ilimshinda, nikaifanya mimi, yeye kaituma tu. Huyu binti wa vibarua, zaidi ya pasipoti anajua nini?" Wenzangu wakacheka, wakapiga makofi.

Nikuze akainuka. "Nimeitengeneza mimi. Mama Dastan alikuwepo, aseme."

Macho yote kwangu. Sasa Placidius alikuwa ameniahidi kazi ya kushona sare za kikundi, vitenge thelathini. Nikasema, "Mimi mambo ya kompyuta siyajui." Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Tangu siku hiyo Nikuze aliniamkia "shikamoo" tu, basi. Wiki iliyofuata Placidius akaja barazani, anazungukazunguka. "Nikuze, nataka kupeleka ile picha ikachapwe. Inatosha yenyewe, au kuna faili jingine?"

"Unaniuliza mimi? Si umeitengeneza wewe?"

Angefanyaje? Kuomba ule mchoro bapa ni kukiri kwamba aliiba. Akaondoka kifua mbele, akaipeleka picha vile vile ilivyo.

Maboksi yalipofika tukayafungua kwa vigelegele. Pakiti elfu mbili! Maandishi yamekwenda upande, vivuli vimechapwa, mikunjo imechapwa, herufi zina ukungu. Na kwenye kila pakiti, kidole gumba chenye ukucha mweusi. Wanawake wakakitazama, wakanitazama. Nikaficha mkono ndani ya kanga, kama mwizi.

Mwenye duka alitupa siku nne tuzichape upya. Tukaenda wote kwa Nikuze, Placidius nyuma kabisa. Nikuze akatuamkia vizuri, akatupa viti, akafungua kompyuta. Mchoro bapa ukatokea, safi, hauna kivuli wala mkunjo. Mioyo ikatulia.

"Nani kauchora?" akauliza.

"Wewe," Placidius akanong'ona.

"Sisikii."

"Wewe, Nikuze! Mimi niliiba. Nisamehe."

Mungu wangu, nilivyofurahi! Jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Mama Laurensia akasema, "Umesikia, mwanangu. Tupe sasa, jina lako tutaliweka hata juu kabisa."

Nikuze akachukua pakiti moja mbovu, akaniwekea mapajani. "Mama Dastan, kompyuta huijui, sawa. Hiki kidole ni cha nani?"

"Changu," nikasema.

"Asante." Akageuka, akabonyeza. Mchoro ukapotea. Akaingia pale panapokaa vilivyotupwa, akafuta na huko.

Mama Laurensia akashika kichwa. "Mtoto wewe, umetuua sote! Mkosaji si huyu mmoja?"

"Aliyeiba ni mmoja," Nikuze akasema. "Waliocheka nakumbuka ni wengi."

Placidius alihamia Kayanga, aende zake huko huko. Sare hazikushonwa, kikundi kimebaki jina. Mwenye duka akachukua amwani ya akina mama wa Kituntu. Na nani aliyewachorea pakiti mpya? Asubuhi moja Nikuze aliniwekea moja juu ya cherehani, akaniamkia, akaingia chumbani kwake. Chini kabisa limeandikwa jina lake, herufi zimenyooka. Nilimchukia siku nzima, na ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Jioni akaja shemeji yangu kutoka Bugomora. Kahawa yetu ilikuwa imeota ukungu stoo, nikamfungulia ile ya Kituntu.